Azimio la Dutwa Kuhusu Kidole Changu cha Mguu

Luhende Maige,
Dutwa, Bariadi,
Simiyu.

Kwa Mzee Thadei,
Baba mzazi wa Daktari Ansbert,
Muleba, Kagera.

Mzee mwenzangu,

YAH: MWENENDO WA MWANAO

Pole na shughuli za migomba. Mimi na wewe hatujawahi kuonana, lakini nakuandikia kwa heshima zote kwa sababu huku kwetu mtu mzima akikosea, hata awe na digrii, anashtakiwa kwanza kwa baba yake. Jina lako na kijiji chako nilipewa na mwanao mwenyewe siku nilipomuuliza habari za ukoo wake. Alijibu vizuri tu, bila kujua majibu hayo yatakuja kutumika.

Mimi ni mkulima wa pamba. Nimewahi kuwa katibu wa AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, na kwa sasa ni Mwenyekiti wa Wanachama wa Daktari Ansbert, cheo ambacho mwanao anasema hakipo. Shauri lenyewe kwa kifupi ni hili: mwanao anataka kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kikatwe, sisi wanachama tumekataa kwa kura, na yeye amekataa kukataa kwetu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ameacha bima. Zamani mwanao alikuwa daktari mzuri sana. Tulipanga foleni pale kliniki kwake Bariadi mjini, unaingia na kadi yako, anaandika kichwa kikiwa chini, unasaini, unatoka na vidonge. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitazama usoni, na mimi nilikuwa mzima wa afya. Mwaka jana akatangaza kwamba amechoka kujaza fomu za madai zinazorudi kila mara kwa kukosa muhuri, kwa hiyo anaachana na kadi, na anayetaka kutibiwa naye awe mwanachama. Unalipa mara moja kwa mwaka, ukishauza pamba, na ukiumwa unakwenda bila kulipa tena. Hata usipoumwa unakwenda. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yalipaswa kutushtua, maana mtu haumwi, anakwenda kwa daktari kutafuta nini?

2. Hajui maana ya mwanachama. Sisi watu wa pamba neno hilo hatukuanza kulisikia kwake. Mwanachama ni mwenye mali. Ana kura, ana mkutano mkuu, na msimu ukienda vizuri ana mgao. Kwa hiyo tulipokwisha kulipa ada tulikutana kwenye ghala la pamba, tukachagua uongozi, tukamwandikia mwanao kumjulisha kwamba kuanzia siku hiyo ana bodi. Katika barua hiyohiyo tuliomba mgao kwa wanachama ambao hawataugua mwaka mzima, kwa kuwa wao ndio watakaomletea faida. Alicheka. Mzee mwenzangu, mtumishi anaichekaje bodi yake? Mdogo wangu Masunga, ambaye hakuwa ameugua hata mafua, alikasirika mpaka presha ikapanda, akaenda kutibiwa, na hivyo akapoteza sifa ya kupata mgao.

3. Kuna kitu anakiita uanachama wa familia. Nikalipia familia, na siku ya kuandikishwa nikaileta: mke wangu Sayi, watoto wangu, watoto wa Masunga ambao kwetu ni wanangu vilevile, wake zao, pamoja na mama yetu mdogo aliyekuja kutusalimia wakati wa mavuno na hajaondoka mpaka leo. Tulijaa tela la trekta. Mwanao akatoka nje, akatazama tela, akauliza kama kuna harusi. Nikamweleza kwamba hii ni familia. Akasema yeye alikuwa na maana ya mke na watoto. Nikamuuliza, na hawa wengine ni nini, magunia? Nashukuru aliona aibu akawaandika wote. Lakini alitumia siku nzima kuwapima mmoja mmoja, na tangu hapo nyumba nzima inaulizana habari za chumvi. Mboga zetu hazina ladha tena.

4. Anatusalimia "mwangaluka" mpaka saa kumi na moja jioni, wakati kila mtoto wa huku anajua hiyo ni salamu ya asubuhi, na jioni tunasema "mwadila". Hatumsahihishi kwa sababu tunapenda kumsikia. Hata hivyo ni kosa, na sikuona vizuri kuliacha nje ya orodha.

5. Alinivua gambuti. Hili naliandika kwa uchungu. Nilikwenda kwake kwa ajili ya kikohozi tu, kikohozi cha kawaida cha mtu mzima. Enzi za bima ningekuwa nimeshafika stendi na dawa mfukoni. Badala yake mwanao alivuta kiti, akaniuliza nakula nini, nakunywa maji kiasi gani, kwa nini nimekonda, halafu akaomba aone miguu yangu. Sayi mwenyewe alikuwa hajaiona tangu msimu wa kupanda, na nilikuwa na sababu zangu. Kidole kilikuwa na kidonda na kimeshageuka cheusi. Hakikuwa kinauma hata kidogo, na mimi nilijua kitu kisichouma hakimhusu daktari. Yeye akasema huko kutouma ndiko kubaya zaidi, kwamba hiyo ni sukari, kwamba niende hospitali ya Mwanza wiki hiyohiyo kikatwe. Nikichelewa watakata mguu. Nikichelewa zaidi, hapatakuwa na mtu wa kukatwa.

Hapa naomba nipumzike kidogo. Kaka yangu mkubwa, Sylvester, alikwenda kukatwa mguu akarudi ndani ya sanduku. Sanduku hilo nililipokea mimi mwenyewe stendi. Sikumweleza mwanao habari hiyo kwa sababu haikuwa kwenye ajenda.

6. Amedharau azimio, na hili ndilo kubwa. Tuliitisha mkutano mkuu wa dharura kwenye ghala lilelile. Ajenda ilikuwa moja: kidole cha mwenyekiti. Akidi ilitimia. Nilijiondoa kwenye kiti kwa sababu ya mgongano wa maslahi, kisha nikanyoosha mkono kama mwanachama wa kawaida. Karibu ghala zima liliunga mkono kidole kibaki. Aliyepinga ni Sayi peke yake, na walipomzomea alitoka nje, akakaa juu ya robota la pamba akilia, jambo ambalo katibu hakuliingiza kwenye muhtasari. Tuliazimia zaidi kwamba kidonda kipuliziwe ile dawa ya bluu ya vidonda vya ng'ombe, ambayo mwaka juzi ilimponya ndama wa Masunga mbele ya mashahidi.

Nikampelekea mwanao azimio likiwa limegongwa muhuri. Alilisoma lote, kwa utulivu wake uleule unaochosha. Akasema amefurahi kuona tuna umoja, ila kidonda hakijalipa ada, kwa hiyo hakifungwi na maazimio yetu. Tangu siku hiyo ananipigia simu kila asubuhi. Nisipopokea anampigia Sayi. Sayi asipopokea anawasha pikipiki kutoka Bariadi mjini, vumbi lote lile, anakuja kusimama mlangoni kwangu na kusema mwangaluka. Mzee mwenzangu, nimelipa ada nije nifuatwe hivi? Wakati wa bima ningeachwa nife kwa utaratibu.

Kutokana na hayo, nakuomba kama mzazi umwite nyumbani, umkalishe, umwambie arudishe kadi za bima ili aache tena kututazama. Akikaidi, atozwe faini ya ng'ombe, kama anavyotozwa kwetu mtu anayekataa neno la wenzake, na ng'ombe huyo umtoe wewe uliyemlea. Na kama una mtoto mwingine aliyesomea udaktari, mvivu kidogo, asiyependa kuuliza maswali, tafadhali mtume huku tubadilishane. Nauli tutachanga.

Nisalimie mama yake daktari, wajukuu, majirani wote, na yeyote hapo Muleba ambaye bado anaachiwa vidole vyake kwa amani.

Wako katika ushirika,

Luhende Maige
Mwenyekiti (cheo kinabishaniwa)

NYONGEZA: Barua hii ilikuwa iondoke na basi la Jumatatu. Haikuondoka kwa sababu basi hilo nilipanda mimi.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mwanao alikuja nyumbani. Hakutaja kidole. Aliketi kwenye kigoda, akasema Sayi amemwambia kwamba nilikuwa na kaka anaitwa Sylvester, akataka nimsimulie alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamsimulia alivyokuwa akicheza ngoma, alivyokuwa akinibeba kuvuka mto, na lile sanduku. Nililia, mzee mwenzangu, mbele ya kijana wa watu. Nilikuwa naogopa, basi. Azimio lote la Dutwa lilikuwa ni woga wangu umegongwa muhuri.

Mwanao akasema atafunga kliniki twende wote, na kweli akafunga. Naandika maneno haya wodini Mwanza. Kidole hakipo, mguu upo. Nilipozinduka nilimkuta yeye na Sayi wamekaa benchi moja, wamelala, Sayi ameegemea bega lake kama mama na mwanawe. Alipoamka alinisalimia mwangaluka, na safari hii ilikuwa asubuhi kweli. Wanachama wanapiga simu kulalamika kwamba kliniki imefungwa bila idhini ya bodi. Nimewaambia wamwandikie baba yake.

Barua naituma hivihivi bila kufuta kitu, maana mzazi anastahili kujua mwanawe anafanya nini ugenini. Usimwite nyumbani. Yule ng'ombe wa faini yuko palepale, ila aliyekataa neno jema ni mimi, kwa hiyo namtoa mimi. Ni dume jeusi lenye baka jeupe usoni. Nimeulizia, mabasi ya Bukoba yanakataa kumpakia, kwa hiyo itabidi uje umchukue mwenyewe. Nitakuja kukupokea stendi, na utanikuta nimesimama kwa miguu yangu yote miwili.