Usingizi Uliomchukua Baba

Jumamosi, 1 Juni

Sijalala sawasawa wiki nzima na sina nia ya kulala. Ijumaa natimiza miaka hamsini na miwili. Baba aliingia umri huo akiwa usingizini, wala hakuamka kuuona. Alikula samaki wa tui la nazi, akasali, akajilaza, basi. Babu naye, wanasema, vivyo hivyo. Mwenye akili ajumlishe mwenyewe. Kifo cha ukoo wetu humfuata mtu mkekani. Kisiponikuta nimelala, kitarudi zake. Naogopa. Naandika wazi kwa sababu humu hakuna asomaye.

Mpango: kukesha mpaka Ijumaa ipite. Mke wangu Makelesi hajui. Akijua atamwambia dada yake, na dada yake ataeneza kisiwa chote cha Kadavu.

Jana nilikwenda kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, kwa mkuu wa kijiji, maana pale watu hukaa mpaka majogoo. Kosa! Yaqona yenyewe hulegeza viungo. Kila nilipopewa kifuu nilipiga kofi kama desturi, nikajifanya nakunywa, nikamwaga nyuma yangu. Mkeka ukaloa chapa. Akuila, mtoto wa mjomba wangu, alikuwa ameketi hapo hapo nyuma. Akawatangazia wote kwamba binamu yake amerudia utoto na atafutiwe nepi. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani: anakusema apendavyo, nawe ni mwiko kukasirika. Nilikasirika kimoyomoyo.

Jumatatu, 3 Juni



Mimi ndiye nahodha wa boti ya shule. Jumatatu napeleka watoto bweni ng'ambo ya ghuba, Ijumaa nawarudisha. Leo nilifumba macho kidogo, kwa sababu ya jua. (Jua lilikuwa nyuma yangu.) Nilipoyafumbua, mawimbi meupe ya mwamba yalikuwa mbele yetu, na binti yangu Losalini alikuwa akinipigia kelele kwa jina. Hakuniita baba. Aliniita Vilikesa, kama mtu anayemwita mlevi. Nikageuza injini. Matumbawe yakakwaruza tumbo la boti toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeumia. Niliwatazama wale watoto, kila mmoja amekumbatia begi lake, nikawahesabu mara mbili.

Mkuu wa kijiji amechukua ufunguo wa boti. Nitarudishiwa nitakapopata usingizi. Kwa sasa anao Akuila, ambaye ameimezea mate boti ile tangu iletwe kutoka mjini Suva. Aliupokea kwa mikono miwili na kunishukuru kwa kusinzia kwa wakati unaofaa.

Boti ile ndiyo heshima yangu. Bila boti mimi ni mzee wa kupara samaki tu.

Jumanne, 4 Juni

Makelesi amenikokota hadi zahanati. Nesi Mereoni akanipima presha. Akatazama kipimo, akanitazama mimi, akapima tena. Mtu akipimwa mara mbili, kuna jambo. Nikaanza kutoka jasho, nikamweleza yote: baba, babu, Ijumaa.

Hakucheka. Alisema: "Kaka Vilikesa, usingizi si uvivu. Ndio saa ya moyo kupumzika na mwili kujitengeneza. Usipolala hukumbuki, huoni vizuri, unamkaripia kila mtu, na presha inapanda. Ukiendelea hivi, hiyo Ijumaa unayoiogopa huifikii."

Basi hapo nimebanwa. Nikilala nitakufa, nisipolala nitakufa. Akaniagiza nile mapema, niache chai ya rangi jioni, simu ikae mbali na mkeka, nilale na kuamka saa zile zile kila siku. Nikamshukuru sana. Nikarudi nyumbani nikakoroga chai ya rangi, jagi zima.

Halafu nikakumbuka kwamba Makelesi alikuwa ameketi pembeni yangu muda wote ule. Kufikia magharibi watoto nisiowajua walikuwa wakichungulia mlangoni kuona kama bado napumua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaribu kila kitu. Pilipili mbichi mkononi, kuitafuna kila ninaposinzia. Nilisinzia kabla ya kuitafuna, nikajifikicha macho kwa mkono ule ule. Sasa jicho la kushoto limevimba na la kulia linatoka machozi. Halafu nikafunga uzi wa kuvulia samaki kwenye kidole gumba cha mguu, ncha ya pili kwenye mguu wa nguruwe wetu, ili akitembea anivute niamke. Nguruwe alilala kabla yangu.

Leo asubuhi Akuila alikuja kuniuliza napenda nyimbo zipi ziimbwe, na kama ningependa kulazwa kichwa upande wa baharini. Nikamshika mkono. Nikamwambia sitanii, naogopa kweli, nina mtoto mmoja shuleni, na nikifumba macho namwona baba.  Kisha akanipiga bega, akasema huo ndio utani mzuri kuliko wote niliowahi kumtania, naye hatakubali kushindwa. Akaondoka mbio kuelekea kwa dada zake.

Huo ndio ubaya wa mtani. Siku ukisema kweli, nani atakuamini?

Jua linazama. Nimeketi mlangoni kwenye kiti cha mbao, mgongo haugusi kitu. Biblia magotini. Akili timamu. Wa jirani wanaogesha watoto, makelele matupu. Hapa siwezi kulala hata nikilip

Ijumaa, 7 Juni

Nimekufa leo. Naeleza kwa utaratibu.

Nilizinduka nikasikia kilio. Wanawake wengi. Juu yangu kulikuwa na uzito: mikeka mipya, ile ya misibani, na nguo ya magome ya miti imenifunika uso. Sikuthubutu kusogea. Nikawaza, tayari. Nilisinzia na kimenikuta. Nikamsikia mtu akiweka fungu la yaqona sakafuni, na sauti ya Akuila ikatoa hotuba ya rambirambi, ya heshima kabisa, kama mbele ya machifu.

"Tumempoteza nahodha aliyejua kila jiwe la ghuba hii, maana aliligonga kila moja."

Kilio kikazidi. Mimi nikalia pia, chini ya mikeka, kimyakimya. Nilimlilia Losalini. Nilijutia lile jagi la chai. Nikamwomba Mungu anipe hata alasiri moja tu nirudi.

Kisha Akuila akasema kwamba kwa mujibu wa mila, mtani wa marehemu hurithi boti.

Niliketi. Mikeka ikaporomoka. Nikamwambia marehemu bado hajakubali. Wale waombolezaji, dada zake wote wanne, wakaanguka wakicheka, na Makelesi, mke wangu wa ndoa, alikuwa kati yao akijifuta machozi ya kicheko. Ilikuwa adhuhuri. Nilikuwa nimelala kutoka jua kuzama, nikaivuka ile saa yenyewe bila kuiona.

Nesi amepima presha: imeshuka, tena mara moja tu alipima. Nimekula magimbi matatu. Jicho linaona. Sikumkaripia mtu tangu niamke. Kusema kweli, dunia ilikuwa imenyooka.

Akuila ameleta watoto salama. Mkuu wa kijiji amenirudishia ufunguo. Jumatatu narudi baharini!

Jumapili, 9 Juni

Usiku wa pili mfululizo nimelala kama mtoto. Baada ya ibada, chakula kikiisha kutolewa kwenye shimo la mawe ya moto, Akuila akaja kuketi karibu yangu. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na utani usoni.

"Binamu, siku ile ulikuwa unasema kweli, sivyo? Nisamehe. Lakini usiogope kulala. Kifo hakingoji mtu asinzie. Baba yangu alikufa akiwa macho kabisa, mchana kweupe, ameshika usukani. Na hakuwa amefika hamsini na tatu."

Alitaka kunifariji. Maskini.

Mjomba! Nilikuwepo mazishini, na sikuwahi kulijumlisha hili. Wiki nzima nimehesabu ukoo wa baba, nikasahau kwamba nina mama pia. Macho wazi, mchana, usukani, chini ya hamsini na tatu. Nimesukuma kando sahani ya magimbi.

Nimempa ufunguo wa boti, abaki nao. Akadhani ni upendo, akalengwalengwa na machozi, akanikumbatia. Sikumsahihisha.

Mpango mpya: kulala mpaka Juni ijayo, nitimize hamsini na tatu, na kuwa macho kwa chakula na ibada tu. Nesi atafurahi. Sasa ni saa nane mchana, jua kali, na niko macho kabisa.  Nimemwambia Makelesi atandike mkeka, na afanye upesi.