Mnyoo Aliyeumuka

Jumatatu, 3 Machi
Mtafiti wa visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, anakuja shuleni Ijumaa kuona kazi zetu. Atachagua mmoja, mmoja tu, aende naye kuchimba likizoni. Lazima niwe mimi! Tatizo: nikitazamwa na watu watatu, ulimi unaganda. Binamu yangu, tunayemwita Kamusi, hana shida hiyo. Hunyamaza akipiga mswaki tu, na hata hapo sina hakika.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu wa baiolojia kasema mababu wa mnyoo-mahameli, yule mdudu laini mwenye vijiguu vifupi vinene, waliishi baharini kabla ya kuhamia nchi kavu. Visukuku vyao ni adimu, maana nyama laini huoza kabla tope halijaifunika. Adimu! Basi nitaleta kimoja. Kitajisemea chenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Nimeiba donge kwenye bakuli la unga aliokanda bibi. Nimefinyanga mnyoo, miguu ishirini, nikampaka majivu na kahawa, nikamlaza kwenye plasta, ile ya kupaka ukutani. Yuko kwenye friji, nyuma ya maziwa. Bibi kauliza ni panya gani siku hizi anakula unga mbichi. Nikasema mkubwa. Kamusi kapita, kanitania: wewe, mbona una unga masikioni, unaoka au unaokwa?

Alhamisi, 6 Machi
Kibao tayari: "Mnyoo wa miaka milioni mia tano. Nyama yake ipo!" Kamusi analeta jiwe lenye alama ya jani. Jani! Nimemwonea huruma.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu!
Ukumbi ulikuwa na joto la tanuri. Saa nne mnyoo alikuwa mwembamba. Saa tano ana kitambi. Plasta ikapasuka, pa! Kichwa kikachungulia nje. Kamusi akapaza sauti: jamani njooni, marehemu kaamka! Mtafiti akainama, akanusa, akaniuliza kwa upole kama kwetu kuna mtu anayeoka mkate. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema vitu vya kufinyanga viliruhusiwa, na miguu nimeipatia kuliko vitabu vingine. Ningeandika tu "mfano", nafasi ingekuwa yangu.
Kampa Kamusi. Na jani lake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelia kidogo bafuni. Bibi kanisamehe, kasema njia ya mwongo ni fupi. Kweli kabisa. Nimekaa nikatafakari kwa dhati, na kosa langu nimeliona wazi.
Hamira.
Mwakani nakanda unga mwenyewe.