Kipoza cha Meneja

Kwa wananchi wote wa Tukuyu, kuanzia Bagamoyo yetu ya hapa mjini hadi Mpuguso, na kwa ndugu zetu wa Kisiba ambao taarifa huwafikia ikiwa imeshapoa: Shirika la Ustawi wa Mazao ya Milimani, Tawi la Rungwe, linayo furaha kuwatangazia kwamba tatizo la joto kali limeundiwa Kamati.

Najua mtacheka. Mji wetu ndio ule ambao soksi hukaukia mguuni. Mwezi wa sita ukungu unaingia ofisini bila hodi na kukaa kwenye kiti cha wageni. Hata hivyo joto lilikuwepo, ila lilijificha mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta ya Meneja.

Kompyuta hiyo tulipewa na wafadhili ili tuingie nayo kwenye soko huria. Siku zile kila kitu kilikuwa kinaingia kwenye soko huria. Hata Meneja wetu, Ambindwile, aliingia akiwa Ndugu, akatokea upande wa pili akiwa Mheshimiwa.

Mashine yenyewe aliiweka chini ya meza yake, kwa sababu za kiusalama. Mkewe akaifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua, kama vile vya makochi, kikaifunika juu, mbele na nyuma. Juu ya kitambaa Meneja akaweka miguu. Ukifanya kazi kidogo tu, kompyuta inakuwa ya moto kama chungu cha maharage, kisha inajizima.

"Imechoka," Meneja alikuwa akisema. "Iacheni ipumzike." Naye anapumzika nayo, na mimi naandikia makao makuu barua nyingine kwamba taarifa imecheleweshwa na joto.

Mimi ni Atupakisye, katibu muhtasi, mwenye stashahada, na mama wa watoto wanaokula. Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka mashine ipoe. Makao makuu yalitangaza kwamba mkaguzi angepita kila tawi. Tawi litakaloshindwa kutoa taarifa yake kwa kompyuta, mbele ya macho yake, litafungwa, na watumishi wake watapewa asante. Happyness wangu ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza, na sijaona shule inayopokea asante.

Basi nikamwendea Meneja. "Mheshimiwa, tuondoe hiki kitambaa, mashine ipumue."

"Mama Happy," akasema, "hilo ni suala la kitaalamu. Tusikurupuke."

Akaunda Kamati papo hapo. Mwenyekiti yeye, mjumbe mhasibu wetu Hosea, katibu mimi. Akaipa na jina: Kamati ya Kupooza Kompyuta.

"Kupoza, Mheshimiwa," nikamsahihisha. "Kupooza ni ugonjwa."

"Ndiyo hivyo. Kupooza."

Kwetu wazee huvuta maneno kama wanavyovuta blanketi. Niliandika "kupoza". Kupooza kompyuta ilikuwa imeshapooza tayari, haikuhitaji kamati.

Kikao cha kwanza kilijadili chanzo cha joto. Kitambaa kilitajwa, kikapongezwa kwa ufumaji mzuri. Hosea alipendekeza mashine ipelekwe Kisiba ikapigwe upepo wa ziwani. Tukaahirisha ili wajumbe watafakari, na katika kutafakari mashine ikajizima tena, taarifa yangu ikiwa ndani, nusu.

Hapo nikamwita fundi Gidion kutoka Mbeya. Gidion alikuwa akitengeneza redio, kisha akahamia kwenye televisheni, na kompyuta zilipofika akazivamia nazo bila kuuliza. Mdomo anao. Alifungua boksi lake, akapanga vipoza vitatu mezani mbele ya Kamati, kati ya vikombe vya chai.

"Mugonile, wazee," akatusalimia kwa Kinyakyusa. "Mambo ni haya. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na ubongo ukifanya kazi unachemka. Unaubandikia bati la kunyonya joto, juu ya bati unaweka feni. Sasa, hiki kidogo ni ndugu wa hicho mlicho nacho. Makelele kama mashine ya kusaga, kazi hakuna. Hiki cha katikati kina bati refu na feni kubwa, kinafyonza joto lote na kulitupa nyuma. Hicho ndicho chenyewe. Hiki cha tatu ni shaba tupu. Kinapoza, lakini ni kizito, mkiigusa mashine vibaya kinang'oka na bodi yake."

"Cha shaba kinalingana na hadhi ya Mwenyekiti," akasema Hosea.

"Mzee, kompyuta haijui hadhi. Inajua joto tu."

Meneja akakohoa. "Kijana. Kamati inatafuta kipoza chenye uwezo mkubwa wa kupooza, bila kuathiri joto lililopo."

Gidion akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kalamu yangu.

"Baba, hapo umeniacha."

"Joto lisipotee ovyo. Ni rasilimali ya shirika."

"Aa, hilo tu?" Gidion akacheka. "Ondoa shaka. Feni haimalizi joto, mzee. Inalihamisha. Linatoka kwenye prosesa, linakwenda kwingine."

Meneja akaweka kikombe chini. Neno hilo alilijua vizuri. Katika shirika letu hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa. Aliyelowanisha mbolea alihamishiwa kwenye mbegu. Aliyepoteza mbegu alihamishiwa kitengo cha mafunzo, akafundisha wenzake.

"Linahamishwa," alirudia kwa upole, kama anayetaja jina la mtoto wake. "Linahamia wapi?"

"Popote utakapoelekeza mgongo wa mashine."

"Kamati imepitisha cha katikati. Mgongo uelekezwe kwangu."

Gidion akatoa kibomba cha dawa nyeupe ya kupaka kati ya prosesa na bati, joto lipite vizuri. Hosea akauliza kama mafuta ya mgando hayafai, maana yanapatikana hapa hapa.

"Hayo pakeni magoti," Gidion akamjibu. Kisha akaiona kompyuta yenyewe. "Na hili gauni je? Nani kaivisha?"

"Hiyo ni mali ya familia," akasema Meneja. "Haimo kwenye hadidu za rejea."

"Sawa, mzee, ila itazuia joto kukufikia miguuni."

"Mama Happy! Hiki kitambaa kinafanya nini hapa mpaka leo? Ondoa mara moja!"

Nikakiondoa, nikaandika kwamba Mwenyekiti alionyesha uongozi.

Mkaguzi alifika siku ya mvua, siku ya kawaida basi. Aliitwa Bwana Hezron, alitoka Dar es Salaam na suti ya mikono mifupi, meno yanagongana kama vijiko kwenye beseni. Nilimpa chai akaikumbatia, hakuinywa. Moyo wangu ulikuwa haupo ofisini, ulikuwa shuleni kwa Happyness.

"Taarifa ya tawi," akasema. "Kwa kompyuta."

Tukaingia kwa Meneja. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi tangu asubuhi bila kujizima. Kipoza kilinguruma taratibu, kikitoa joto la prosesa na kulipeleka lilikoelekezwa. Na kwa kuwa kilikuwa kipoza bora, lilifika lote. Chini ya meza palikuwa na hali ya hewa ya Kyela, kule bondeni kwenye joto. Meneja alikuwa amevua viatu, amejifunga blanketi kiunoni, kichwa kimelala kifuani, anakoroma. Soksi zake mbili nilizikuta zimeanikwa nyuma ya mashine, zinatoa mvuke.

Sikumwamsha. Taratibu zetu haziruhusu katibu kumkatiza Mwenyekiti.

Nikaamuru taarifa ichapwe. Printa ya sindano ikaanza kulia kama nguruwe aliyeshikwa mguu, na ukurasa wa kwanza ukatoka mzima, wa pili ukafuata. Nilitaka kuibusu.

Meneja akaruka. "Hoja imepita!"

Bwana Hezron aliokota taarifa, akaisoma mpaka mwisho. Halafu akazunguka meza, akaweka viganja vyake nyuma ya mashine, kando ya soksi. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua alinigeukia mimi.

"Mama, hili ndilo joto lililotuletea barua zote zile?"

"Ndilo."

"Na mmelimaliza?"

"Hapana, bwana mkaguzi. Kitaalamu, joto halimalizwi. Linahamishwa."

Akaitazama soksi ya kulia, kisha ya kushoto, kisha mwenye miguu.

"Linahamishwa," akasema polepole.

Tawi la Rungwe halikufungwa. Happyness yuko shuleni, analalamikia hesabu, na mimi nakaimu umeneja. Mheshimiwa Ambindwile amepangiwa majukumu mapya Lindi, kwenye ghala la bati lisilo na dirisha, ili uzoefu wake utumike mahali joto lilipo. Tulimuaga vizuri. Alisahau kuaga watu kwa kuwa alikuwa anatafuta soksi.

Juzi alipiga simu. Anaomba tawi limtumie kipoza, chochote, hata kile kidogo cha makelele, maana huko shati linamganda mgongoni kabla ya saa ya chai.

Kamati imekaa chini ya uenyekiti wangu na kulipa ombi lake uzito unaostahili. Imeona kwamba vipoza haviwezi kutolewa bila kamati ya Lindi kuundwa kwanza. Lakini ili asidhani tumemtupa, imeazimia kwa kauli moja kumtumia soksi zake. Zimekauka kabisa.