Ligament Yangu na Mpunga wa Mama Amisa

Jumatatu, tarehe 8 Januari

Nimeanguka! Na sijawahi kuanguka vizuri namna hii.

Nilikuwa natoka soko la Kasongo, natembea kwa madaha, kama kawaida yangu. Mama Amisa, mwenye depo ya mchele, alikuwa ametandaza mpunga wake juani, juu ya maturubai. Bashi tatu za bluu, barabara nzima imezibwa, utadhani ni baba yake aliyeichonga. Watu wote wanazunguka kwenye matope. Mimi, Zakaria, nizunguke? Nikaruka. Mruko ulikuwa wa ajabu, hata wasichana wa kisimani walipiga vigelegele. Kasoro ilikuwa kwenye kutua. Mpunga unateleza kupita sabuni. Kifundo cha kushoto kikaenda njia yake, mimi yangu.

Emilienne, muganga wa kituo cha afya, alikibonyeza mpaka nikamwita marehemu bibi. Akasema mfupa ni mzima, ni ligament, kamba inayoshika mifupa, ndiyo imevutika, inaitwa antorse, nipumzike siku kumi na tano. Ligament! Nikamwomba aliandike hilo neno kwa herufi kubwa. Mtaani kwetu nani mwingine ana ligament? Wana malaria tu, kama watu wote.

Jumanne, tarehe 9

Nimekwenda kwa Ba Grégoire, mtetezi wa kesi za mtaani kwetu, nikiruka na mguu mmoja. Si avoka wa diploma. Lakini alifagia ndani ya tribinali, mbele ya majaji, miaka sita, na mwenye kufagia husikia yote. Aliomba kuku mmoja kwanza, akili ifunguke. Ilifunguka. Akasema barabara ni ya serikali, mpunga ni wa Mama Amisa, mguu ni wangu, basi kesi ni nyepesi, tudai domaje, malipo ya maumivu. Ila tusiende tribinali, huko mguu utapona mara mbili kabla ya jina langu kuitwa. Twende kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa.

Akaniuliza nataka domaje gani. Sikufikiri hata kidogo. Nyuma ya depo ya Mama Amisa iko pikipiki. Imefunikwa na bashi, kioo kimoja tu kimetokeza nje, kinang'aa kama jino la dhahabu. Ni ya mtoto wake aliyekwenda kuchimba dhahabu Lusangi. Mwaka mzima nimesukuma baiskeli ya mizigo toka Wamaza, mawese yananivujia mgongoni, watoto wananiita Bidoni, kama dumu la mafuta. Mwenye pikipiki haitwi Bidoni. Nataka ile!

Jumatano, tarehe 10

Tumesimama mbele ya shefu. Wengine walisimama, mimi nililala kwenye mkeka, Grégoire ndiye aliyenishauri.

Mama Amisa hakubishana. Ilinisumbua kidogo. Alisema yeye hakatai: kwao mwenye kuumiza anamtunza mwenye kuumia mpaka apone, ndivyo alivyokuta wazee wanafanya. Akauliza tu, kwa sauti ya pole, mpunga niliourushia matopeni nitauokota lini. Grégoire akasema hilo ni swali la kesi nyingine. Shefu akaamua nihamie kwa Mama Amisa, nilishwe, nikandwe. Mambo ya domaje atayakata Alhamisi ya wiki ijayo.

Chakula cha jioni: wali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki mzima mwenye kichwa chake. Mama Amisa ananiambia, kwa heshima kama kwa baba yake, "Kula, papa, mguu hauponi na njaa." Nikala mpaka mguu ukaona haya.

Alhamisi, tarehe 11

Nimekandwa.

Mama Amisa ametwanga mpunga miaka arobaini, na ile mikono haijui kwamba mimi si kinu. Maji ya moto, chumvi, mawese, halafu vidole. Watoto wa jirani walikaa juu ya ukuta wakahesabu mayowe yangu. Wanasema yalifika kumi na tisa. Uongo, mengine yalikuwa ni dua.

Baadaye kuku wa mchuzi. Nimesamehe.

Ijumaa, tarehe 12

Aibu! Wizi! Nimerudi toka msikitini nikamkuta kijana kwenye kiti changu, fimbo mkononi, goti limefungwa kitambaa, anakula. Jina lake Gédéon, mchimbaji, ametoka Lusangi wiki iliyopita. Anasema na yeye aliteleza kwenye mpunga uleule, Jumatatu ileile, jioni. Nikamwambia Mama Amisa kwamba huyu ni mwizi wa ligament. Mama akasema mpunga wake haubagui watu.

Emilienne akaitwa. Akabonyeza goti, Gédéon akalia kidogo tu, kwa adabu. Emilienne akasema kweli ni antorse, ligament ya goti, na goti lina ligament kubwa nne. Nne! Nani amempa nne? Nikauliza kifundo kina ngapi. Akasema ni nyingi kuliko hizo. Nikamwangalia Gédéon mpaka akainamisha macho kwenye sahani. Sahani yenyewe ilikuwa na paja. Mimi nilipewa shingo.

Jumapili, tarehe 14

Mimi na Gédéon tunashindana. Nikichechemea hatua tatu, yeye anachechemea tano. Nikiguna, yeye anavuta pumzi kama mtu anayejifungua. Mama Amisa alituangalia, akasema kwake mgonjwa wa kweli hanyanyuki kwenye kiti. Akaongeza kwamba mguu ndio umeumia, mikono anaiona mizima, hasa wakati wa kula. Akatuletea nyungo mbili na mchele uliotoka mashini, tutoe mawe.

Gédéon alinuna. Yeye hana macho ya mbali! Mimi nikaona palepale: nikikaa barazani toka asubuhi mpaka magharibi, kila mpita njia ataona jinsi ninavyoteseka. Hata shefu anapita hapo akienda nyumbani. Nikakaa. Gédéon akaona nitamshinda, na yeye akakaa. Nilimaliza nyungo ishirini na mbili. Yeye kumi na nane. Aliyeteseka kidogo namna hiyo, basi goti lake haliumi sana.

Jumatano, tarehe 17

Gunia tisa! Tano zangu. Mchele mweupe, hauna jiwe hata moja. Wafanyabiashara wa Kindu walikuja, wakautia mdomoni, wakatikisa kichwa kwa kuusifu. Mama Amisa anasema kwa miaka yote hajauza kwa bei hii. Namfurahia, kwa sababu mtu mwenye furaha hatoi domaje ndogo.

Mguu karibu umepona. Siri. Nimejaribu kucheza rumba kidogo nyuma ya choo. Gédéon naye alikuwa huko anajaribu. Tukasalimiana, kila mmoja akachukua fimbo yake.

Alhamisi, tarehe 18

Siku yangu!

Shefu alisema chakula kimetolewa, mikono ya kukanda imetolewa, na mpunga uliomwagika umelipwa na kazi ya ungo. Sasa kimebaki kitu cha kufuta machozi. Mama Amisa akasema ana vitu viwili: gunia moja la mchele na pikipiki iliyo chini ya bashi. Moyo wangu ukaruka kuliko nilivyoruka mimi. Nani achague kwanza? Nikafungua kinywa kubishana. Gédéon akaniwahi. Akasema, "Shefu, ndugu Zakaria achague. Mguu wake ulikuwa na ligament nyingi, mimi nilikuwa na nne tu."

Hapo niliona kwamba hata yeye alijua ukubwa wangu. Nikachagua pikipiki. Grégoire akaandika karatasi: ni yangu, jinsi ilivyo, madai yamekwisha, hakuna kurudi nyuma. Nikapiga kidole cha wino. Gédéon akakumbatia gunia lake kama mchumba. Nilimcheka mpaka nikatokwa na machozi. Nani anaacha pikipiki kwa mchele? Tena mchele nilioutoa mawe mimi mwenyewe!

Ijumaa, tarehe 19

Asubuhi nikafunua bashi. Mahali pa injini palikuwa na kuku, ameatamia mayai saba. Alinitazama vibaya.

Nikamwita Mama Amisa kwa ukali. Akasema pole, papa, kumbe hukujua? Injini ilikwenda Lusangi na mtoto, inavuta maji kwenye shimo la dhahabu. Gédéon, aliyekaa juu ya gunia lake, akasema ni kweli, injini nzuri sana, amefanya kazi pembeni yake miezi sita, haijawahi kukohoa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Uliomba pikipiki, ndugu yangu. Hukuomba injini."

Lakini pikipiki ni pikipiki. Nikamhamisha kuku, nikaisukuma mpaka juu ya mteremko wa mtoni, nikapanda, nikaachia. Watu! Kwa hatua mia moja hapakuwa na dereva mzuri kama mimi toka Kasongo mpaka Kabambare. Wasichana wa kisimani wakapiga vigelegele tena. Ndipo nikagundua kwamba breki nazo zilikwenda Lusangi.

Emilienne amebonyeza. Kifundo cha kulia. Antorse, siku kumi na tano. Sasa nina ligament pande zote mbili.

Nimemwita Ba Grégoire. Akauliza pikipiki ni ya nani. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akasikitika, akasema aliyeumizwa ni mimi na mwenye kuumiza ni mimi, na hajawahi kuona mtu akijidai domaje mwenyewe akashinda. Labda kwa kuku wawili.

Kuku ninaye mmoja na mayai saba, ila si wangu. Basi nimefikiri mwenyewe, bila avoka. Kesho namuuzia Gédéon nusu ya pikipiki. Nusu ya mbele, maana ndiyo iliyoniangukia. Karatasi tutaandika tarehe ya jana. Hapo mwenye kuumiza atakuwa yeye, na itabidi anilishe mpaka nipone, na mchele anao gunia zima. Atakubali tu. Gédéon ni mtu mwepesi, hajui biashara. Hata jana aliniacha nichague kwanza.