Karavani la Watu Wanne Tu

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata karavani, kile kijumba cha kuvutwa na gari! Jirani yangu Tarsem kanunua jipya, akaniachia la zamani kwa sharti niliondoe mbele ya nyumba yake kabla ya jioni. Lina vitanda, jiko, choo, na harufu ya mbwa ambaye Tarsem anaapa hajawahi kumfuga. Kesho tunaondoka Barking, huku kwetu mashariki mwa London. Wiki nzima, kambi ya karavani kando ya msitu wa Epping.

Mke wangu Adelina ni nesi. Tangu Krismasi anafanya zamu za usiku, na mchana analala huku watoto wa jirani wakipiga mpira ukutani. Ameomba kitu kimoja tu: kimya. Tuwe sisi wanne, yeye, mimi, na watoto wetu Elinaja na Godson, na asione uso mwingine wowote anaoufahamu. Akasema, kwa ule upole wake unaonitisha, kwamba nikileta mgeni hata mmoja, karavani si langu tena. Nimeapa. Mimi Telesphor nikiapa, nimeapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Barking hadi Epping si mbali. Tumetumia siku nzima. Nilipitiliza njia, na mtu anayevuta karavani hageuzi gari hivi hivi. Anaendelea mbele tu akimwomba Mungu mzunguko mpana.

Kambini ndiyo balaa. Kurudisha karavani nyuma, ukitaka liende kulia unakata usukani kushoto. Nilijua. Nilitazama video zote. Mikono yangu haikuzitazama. Nikagonga pipa la taka, nikagonga bango la kambi, nikarudi kuligonga pipa lilelile. Jeff, mzee anayesimamia kambi, alinipungia mikono hadi akachoka, akaketi kwenye majani. Adelina akaniomba nishuke. Akaliingiza mara moja, likakaa sawasawa. Akasema ni kama kusukuma kitanda cha mgonjwa wodini, usishindane nacho. Majirani wakapiga makofi. Nami nikapiga, ili waone kwamba nilikuwa namfundisha.

Jioni, raha. Adelina kakaa nje, miguu juu ya ndoo, akasema hasikii kitu chochote, akacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu mwaka jana. Nilifurahi, nikamwongezea chai.

Laiti ningeishia hapo! Lakini kuna Njoroge. Tunasali naye kanisa moja. Mwaka jana alinunua hema lenye vyumba vitatu, akalizungumzia hadi Pasaka. Basi nikapiga picha ya karavani, ule upande usiobonyea, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Chini nikaandika: Tupo Epping, karibuni sana! Nikaweka na ramani. Ramani ni ya kuthibitisha tu kwamba tupo kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Njoroge kajibu. Anauliza saa ngapi.

Mungu wangu! Karibuni ni karibuni tu! Mtu akikukuta unakula unamwambia karibu, naye anasema asante, nimeshiba, kisha kila mtu anaendelea na maisha yake. Ndivyo nilivyolelewa Bukoba. Lakini Njoroge ni mtu wa Nyeri. Mwambie karibu, anatafuta viatu. Na nyuma yake wengine wamepata ujasiri. Wanakuja kesho baada ya misa, na nyama ya kuchoma.

Kumwambia mtu asije baada ya kumkaribisha? Haiwezekani. Mama angesikia huko Bukoba kabla sijamaliza kuandika.

Mpango wa kwanza: nimeandika kwamba huku mvua ni kubwa mno. Bridget, mke wa Njoroge, akajibu kwamba wana turubai.

Mpango wa pili, na huu ulikuwa wa kitaalamu: nimeandika kwamba Godson ana tetekuwanga. Kundi likanyamaza. Nikajipongeza kwa soseji ya pili. Kisha Bridget akaandika kwamba wanawe walishaugua wote, na kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Sasa wageni wameongezeka! Wale ambao wasingekuja kwa ajili ya nyama wanakuja kumjulia hali mgonjwa.

Adelina kaniuliza mbona natoka jasho na upepo ni baridi. Nikamwambia ni hewa ya msituni. Simu nimeificha kwenye friji.

Jumapili, 10 Agosti

Wakimkuta Godson mzima, mimi ni mwongo mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo asubuhi, Adelina akiwa usingizini, nimemchora madoa usoni na mikononi kwa kalamu nyekundu ya dada yake. Elinaja ana miaka kumi na tatu. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba kalamu ile haifutiki, kisha akauliza inachukua muda gani mtoto kuhamishiwa familia nyingine. Kiswahili anakielewa chote, hasa kile nisichotaka akielewe.

Nilipanga kuwapokea wageni getini, nichukue pole na nyama, niwarudishe Barking kabla Adelina hajaamka. Safi kabisa. Ila kambi ina mageti mawili, nami nilikuwa kwenye lile lingine.

Nilipofika nikihema, walikuwa wamelizunguka karavani wanaimba. Sufuria, majiko, viti, watoto wasiohesabika. Wakamlaza Godson kwenye mkeka wakamwombea. Naye, anayekataa hata kutamka shikamoo kwa sababu ya aibu, akaanza kuugulia na kugeuza macho! Sijui kayatoa wapi.

Mlango ukafunguka. Adelina, kanga kifuani, alama za mto shavuni. Bridget akamkumbatia, akampa pole ya kuuguza mtoto. Adelina akamtazama Godson. Akainama, akasugua doa moja kwa kidole chenye mate. Halikutoka. Akanusa kidole. Akanitazama mimi.

Nilitegemea kelele. Badala yake akaingia ndani, akavaa, akatoka, akawaambia wageni karibuni sana, jisikieni nyumbani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jeff alikuja kusema kwamba sheria ya kambi ni watu sita kwa kila karavani. Alianza kutuhesabu, akakata tamaa, akapokea ubavu wa mbuzi. Njoroge alilizunguka karavani, akagusa ule upande uliobonyea, akasema pole. Adelina aliwamiminia watu chai mchana kutwa. Nilimwona mara moja nyuma ya mlango, kaegemeza paji la uso ukutani, macho kayafumba. Moyo uliniuma. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamwuliza chumvi iko wapi.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nilikwenda na watoto kuosha masufuria kwenye karo la kambi. Nilijipa kazi hiyo mwenyewe, bila kuambiwa, kama mtu anayetafuta rehema. Tuliporudi, lile hema dogo lisilo na ukuta wa nyuma, tulilolifunga mlangoni mwa karavani, lilikuwa limesimama peke yake. Nyuma yake, majani. Karavani halipo!

Nilipiga kelele kwamba tumeibiwa. Jeff akaja taratibu, akanieleza. Mama kalihamishia nyuma ya ule ua wa miti, sehemu ya watu wazima tu. Kaendesha mwenyewe, na hakugonga pipa. Kule watoto hawaruhusiwi, mbwa hawaruhusiwi, wageni hawaruhusiwi. Nikauliza kuhusu waume. Jeff akasema kwamba kwa kawaida wanaruhusiwa, ila amepewa maelekezo maalumu. Pia ameagizwa aniambie kwamba karavani si langu tena, kama tulivyokubaliana.

Tutalala wapi? Nilipiga simu moja tu ambayo mtu asiye na aibu anaweza kuipiga. Jioni Njoroge kafika na hema lake. Kanitembeza chumba baada ya chumba. Kisha kanipiga picha mlangoni, akaituma kwenye kundi.

Jumatano, 13 Agosti

Sasa mvua imekuja ya kweli. Hema halivuji hata tone. Nalichukia.

Godson bado ana madoa na anajivunia. Mchana nilipenya kwenye ua wa miti kumchungulia Adelina. Kalala kwenye kiti, mdomo wazi, kitabu kimemwangukia kifuani. Nilisahau hata nilichokuja kumwambia. Nikaona jinsi alivyokuwa amechoka, siku zote hizi, na mimi nikihangaika na picha. Sikumwamsha. Huenda ndilo jambo jema pekee nililotenda wiki hii, na hata hilo ni kwa sababu Jeff alikuwa amenishika kiwiko.

Ijumaa, 15 Agosti

Adelina karudi! Anang'aa. Kawakumbatia watoto, kanikumbatia na mimi, kwa muda mfupi kidogo kuliko wao. Katangaza kwamba karavani analichukua yeye. Mwaka kesho anakwenda nalo na Geeta, mwenzake wa wodini, na sisi tunaweza kuomba tena hema la Njoroge. Sauti haikupanda hata kidogo. Nilikubali kila kitu.

Njiani aliendesha yeye. Elinaja akasema, kwa Kiingereza, kwamba hajawahi kufurahia likizo namna hii. Nikafikiri. Mama kapumzika. Watoto wamefurahi. Kanisa limeshiba. Ukilitazama vizuri, jambo zima lilikuwa mpango wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Usiku sikulala kwa furaha. Nimeona tangazo la boti la kukodi, la kulala ndani, kwenye mfereji! Linakwenda mbele tu polepole. Maji pande zote, nani atatufikia? Wiki nzima mwakani, kabla Geeta hajapanga likizo yake. Sisi wanne tu. Kimya kitupu. Adelina atalia kwa furaha, na kila kitu atanisamehe.

Safari hii ni siri. Kwenye kundi sijaandika hata neno, wala picha, wala ramani. Mtu hujifunza. Nimemwambia Ann peke yake, yule dada anayesoma matangazo baada ya misa.