Dume Hupimwa Kwanza

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1996, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wanawake kumi na mmoja walikuwa wameketi juu ya vikapu vilivyopinduliwa katika kituo cha kununulia chai, kilomita tatu kutoka Kaplong. Lori la chai halikutarajiwa kabla ya saa sita, na vikapu vilikuwa vitupu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Weldon aliliona hilo la mwisho kabla ya mengine yote. Alisimama ng'ambo ya barabara, akamgusa mkewe kwa kiwiko.

"Janefer, unaona nini?"

"Wanawake wanangoja lori."

"Ndiyo maana wewe hubebi begi. Mwanamke mmoja asiye na mtoto mgongoni amemwacha kwa shangazi. Kumi na mmoja hawawezi kuwa na shangazi siku moja. Hao ni wateja, na pesa za boni ya chai zimelipwa wiki jana. Vaa mimba."

Janefer aliingia nyuma ya ua wa mikaratusi, akavaa mimba.

Ilikuwa mto wa kulalia, umeshonewa kamba za kiunoni, na kwa ndani una mfuko wenye zipu. Ndani ya mfuko huo ndimo yalimokaa mapato yao, kwa sababu askari wa kizuizi cha barabarani humpekua kila mtu isipokuwa mjamzito, ambaye humpa kiti. Janefer alikuwa ameibeba mimba hiyo katika miji minne. Ilikuwa ya miezi sita, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili.

Weldon hakuwa daktari. Kwa miaka tisa alizunguka na pikipiki kutoka Chebunyo hadi Sotik akipandisha ng'ombe kwa mrija, mpaka kazi hiyo ikaisha. Alibaki na koti jeupe, begi jeusi, na ule utulivu wa kumwambia mwenye ng'ombe aliyeshindwa kushika mimba kwamba kosa ni la ng'ombe. Utulivu huo aliutumia pia nyumbani. Kwa miaka saba ya ndoa alimweleza Janefer, bila hasira, kwamba shamba lake ni kavu. Asubuhi hiyo hiyo, wakinywa chai, alikuwa amemweleza na jingine.

"Tukimaliza kazi ya hapa, mama ataniletea yule msichana wa Chebunyo. Mwezi wa kumi na mbili. Wewe utabaki tu, mimi si mtu mbaya. Utalala jikoni."

Janefer hakuwahi kupimwa, kwa kuwa Weldon alisema mtaalamu yuko nyumbani na hospitali ni za watu wasio na mtaalamu.

"Chamgei, akina mama!" Weldon alisema, akivuka barabara.

"Chamgei mising," walijibu, bila kuinuka.

Alizungumza kwa dakika kumi na mbili. Alitaja damu, baridi ya kizazi na wazungu wawili. Kisha akainua chupa yenye maji meusi, na kwa mkono wa pili akamwonyesha Janefer kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyeshinda tuzo.

"Huyu mama mnayemwona alikaa miaka saba bila mtoto. Miaka saba! Mimi simjui, si ndugu yangu, tulikutana Sosiot. Chupa tatu tu. Mama, sema mwenyewe."

"Miaka saba," Janefer alisema. "Chupa tatu." Alifuta machozi mahali palipopangwa.

Katika biashara hii, aibu ndiyo sanduku la chuma. Mwanamke hununua kwa siri, hunywa kwa siri, na dawa isipofanya kazi hukasirika kwa siri. Kosa la Weldon lilikuwa kudhani kwamba aibu iko kila mahali, kama jua.

Mwenyekiti wa wale wanawake aliitwa Cheptoo, mwenye miaka arobaini na miwili na ng'ombe watatu wa maziwa, wa gredi.

"Daktari, asante. Sisi ni kikundi. Tunakutana kila Jumanne kabla ya kuchuma. Tuna sheria moja: hakuna anayemeza kitu peke yake. Kila mtu anataja hapa alichomeza, nani alimpa, na mama mkwe wake alisema nini. Katibu anaandika."

"Mwaka jana," alisema katibu, Phelis, mchuma chai wa shambani kutoka upande wa Kisii, "tuligundua sita kati yetu tumeuziwa mzizi mmoja na wazee watatu tofauti. Ulikuwa mzizi wa kabichi."

Wanawake walicheka. Weldon naye alicheka, sekunde moja baadaye.

"Kwa hiyo tuachie chupa moja," Cheptoo aliendelea. "Na huyu mama aketi na sisi kidogo. Mjamzito hasimami."

Weldon hakupenda, lakini hakuna daktari anayeweza kumkataza mjamzito kuketi. Akaenda kuongea na karani wa mizani.

Janefer aliketi juu ya kikapu. Mwili ulifika kwanza. Tumbo likafuata, kisha likaenda upande wa kushoto.

Hawa walikuwa watu waliokuwa wameyatazama matumbo ya wanawake wengine kwa jumla ya zaidi ya miaka tisini. Hakuna aliyecheka. Phelis alivua leso yake, akamfunika Janefer mapajani, akasogeza tumbo likarudi katikati, taratibu, kama mtu anayemrekebishia mwenzake ukosi kanisani.

"Dada," alisema, "limehama."

Janefer aliangalia chini.

"Tusikize," alisema Cheptoo. "Hapa tumepokea matumbo ya kila aina. La mto ndilo la kwanza. Ile hadithi ya chupa tuiweke kando. Umekaa miaka mingapi, ya kweli?"

"Saba."

"Hiyo si ndiyo ulisema pale?"

"Hiyo peke yake ndiyo ya kweli."

"Na mzee wako ni nani?"

Janefer aligeuza macho kuelekea kwenye mizani. Wanawake kumi na mmoja walilitazama lile koti jeupe kwa muda.

Phelis alifungua chupa, akanusa, akaonja, akaipitisha. Ilizunguka mkono kwa mkono.

"Chai," alisema wa kwanza.

"Chai na molasi ya ng'ombe."

"Na mkaa wa mti wa senetwet, kama wa kusafisha kibuyu cha maziwa ya mursik."

"Nimechuma chai miaka kumi na moja," Phelis alisema. "Leo ndiyo siku ya kwanza kuuziwa."

Janefer alitarajia kelele, pengine mawe. Badala yake Cheptoo aliikaza chupa kifuniko chake kama kitu cha thamani.

"Msimfukuze daktari. Tunamhitaji."

Daktari aliporudi, alimkuta mwenyekiti amesimama na uso wa heshima.

"Daktari, wewe unajua mambo ya ng'ombe?"

"Kidogo," Weldon alisema kwa uangalifu.

"Ng'ombe wangu akipandishwa mara tatu asishike, nifanye nini?"

"Unaangalia dume." Mdomo ulijibu kwa mazoea ya miaka tisa, kabla akili haijafika.

"Unaangalia dume! Sasa sisi tumeangaliwa. Saba kati yetu hospitali imesema wako sawa, wanne wanatibiwa. Wazee wetu hawajaangaliwa hata mmoja. Wanasema dume hujulikana kwa sauti."

"Mzee wangu, Kipkurui," alidakia mmoja kutoka nyuma, "anasema daktari akimwomba mbegu atampa za mahindi."

"Na tatizo ni hili," Cheptoo alisema. "Boni yote iko kwa jina la mzee. Pesa ya chupa itatoka kwake. Naye hatakuja mpaka aone mwanamume kama yeye ameenda kupimwa, akarudi na suruali yake. Wewe ukitangulia, daktari, watakuja wote. Wakija, si wako mkononi mwako?"

Weldon alifikiri kwa muda ambao mtu huchukua kumeza mate. Ndoana aliiona, ila kwake ilionekana kama samaki.

"Mama, mimi ni baba wa watoto wanane," alisema, huku akiwa hana hata mmoja. "Nitapimwa. Na karatasi isomwe hapa hapa, mbele ya wazee!"

"Haya ni mambo ya siri, daktari. Hospitali haisomi hadharani."

"Itasomwa! Huyu mama shahidi ndiye atakayesoma. Nitaifungua mbele ya watu, wasiseme nimeandika mwenyewe."

Daktari na shahidi wake walipoondoka, Phelis alimnong'oneza Cheptoo: "Na ikitoka nzuri?"

"Wazee wataenda kwa wivu. Ikitoka mbaya, wataenda kujifariji. Mimi nataka waende tu."

Mjanja huchunguza kila kitu isipokuwa kile anachojivunia. Alhamisi, tarehe 21, Weldon alifika kwenye maabara ya hospitali ya misheni akiwa na koti lake jeupe, na akamwita mpimaji, Mogaka, "mwenzangu". Jumatatu aliitwa tena. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Wamenirudisha," alimwambia Janefer. "Ni nyingi mno. Nadhani darubini imeshindwa kuhesabu."

Janefer alikuwa akishona zipu ya mto. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo Mogaka alicheka?"

"Hapana. Alinipa kiti."

Jumanne, tarehe 26, wanaume kumi na mmoja walisimama kituoni, mikono mifukoni, kila mmoja akisema amekuja kwa sababu ya mbolea. Weldon hakuwa mtu wa kufungua bahasha kabla ya malipo. Alipokea kwanza pesa ya chupa, kutoka kwa wote, akampa "shahidi" amshikie kwa muda. Shahidi alikwenda nyuma ya banda la mizani, akarudi akiwa na mimba ya miezi saba.

"Sasa!" Weldon alipasua bahasha bila kuangalia ndani. "Wazee wangu, dume ni dume. Soma, mama. Kwa sauti."

Janefer aliifungua karatasi. Ilikuwa na mistari minne. Aliisoma yote kimya mara moja, kisha akarudia mstari wa tatu peke yake. Wanawake walimwona akishika ukingo wa mizani.

Angeweza kusoma chochote. Wanaume wasingejua, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kusema kilichopangwa.

"Vipimo viwili," alisoma, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tarehe 21 na tarehe 25. Mbegu zilizoonekana, kipimo cha kwanza: sifuri. Cha pili: sifuri."

Karani wa mizani alizima redio yake.

"Soma vizuri," Weldon alisema.

"Sifuri," Janefer alisema. "Kisha kuna sahihi ya Mogaka." Akaikunja karatasi, akamkabidhi Kipkurui, ambaye alikuwa karibu, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa Cheptoo, kwenye njia inayopita katikati ya michai. Hakukimbia. Mimba ya miezi saba haikimbii.

Ilimchukua Weldon hatua kumi za Janefer kukumbuka kilichokuwa ndani ya mimba.

"Wewe! Rudi hapa! Rudi na tumbo langu!"

Kipkurui alimwekea mkono kifuani. Alikuwa mtu mrefu, mpole.

"Daktari, pole pole. Huyo mama ni mjamzito."

"Huyo ni mke wangu!"

"Ulisema humjui. Mlikutana Sosiot."

"Ni mke wangu wa miaka saba! Na hiyo mimba ni yangu! Yangu mwenyewe!"

Kipkurui aliifungua karatasi. Aliitazama, akautazama mgongo wa Janefer ukipotea kwenye chai, akaitazama karatasi tena. Wenzake walisogea kuona. Huruma kubwa iliwashukia, huruma ambayo hawakuwa wameileta.

"Pole sana, bwana," alisema Kipkurui. "Karatasi inasema hapana."

"Si mimba! Ni mto! Ni mto wa kulalia!"

"Eeh," alisema mzee mwingine, akimshika bega. "Ni vizuri uchukulie hivyo."

Wakamketisha juu ya kikapu. Mmoja akamletea maji. Phelis, ambaye hakutaka mgeni akose chochote, akamletea ile chupa.

Lori la chai lilipofika, Weldon alipanda mbele karibu na dereva, akiwa na begi na bila mapato. Alionekana akishuka kwenye njia panda ya Kaplong. Alielekea upande wa Chebunyo kwa miguu.

Jioni hiyo mto ulifunguliwa jikoni kwa Cheptoo, mbele ya wanawake wote kumi na mmoja. Ilipendekezwa kila mzee arudishiwe chake. Cheptoo alikataa.

"Wazee wamelipia uzazi. Tusiwadhulumu. Wapewe uzazi."

Ijumaa, tarehe 29 Novemba, Mogaka alifungua dirisha la maabara akakuta wanaume wanane kwenye foleni, kofia zimeshushwa mpaka puani. Wote walikuwa wamelipiwa. Wa kwanza, Kipkurui, alieleza kwamba amekuja kwa niaba ya rafiki. Mogaka alimpa chombo, akamwambia rafiki aende mlango wa pili kushoto.

Jumanne, tarehe 3 Desemba, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi juu ya vikapu vilivyopinduliwa. Hakuna aliyekuwa na mtoto mgongoni. Walitaja kwa zamu: jina, miaka, walichomeza. Phelis aliandika. Zamu ikamfikia wa mwisho, ambaye kikapu chake kilikuwa kipya.

"Jina?"

"Janefer Kerubo."

"Miaka ya kutafuta?"

Alifikiri kidogo.

"Sifuri," alisema, na Phelis akaandika sifuri.