Diski Tatu za Ukoo

Jumatatu, 8 Juni 1998

Shajara, niwie radhi. Miezi mitatu kimya! Mwanangu Upendo anaota meno, mimi naota usingizi.

Nina mpango. Orodha ya ukoo aliyoiacha marehemu mama, majina arobaini na moja, nimeichapa yote kwa kompyuta ya ofisini hapa Mafiga. Ukoo wetu hupita kwa mama. Mimi nikisahau, Upendo hana kwao. Nimeitoa kwenye diski tatu, kisha nikaifuta kwenye kompyuta, maana ni mali ya ofisi. Diski ni kama mbegu: yako ikioza, unaomba kwa mwenzio. Tumekubaliana, hakuna kufuli. Yeyote afungue, anakili, agawe. Yangu iko juu ya spika ya redio, panya hafiki. Ya pili kwa binamu Stella, mchapaji ofisi ya jirani. Ya tatu imekwenda Mkuyuni, kwa Mama Mkubwa Magdalena.

Daftari la mama nimempa Upendo achezee. Kazi yake imekwisha!

Jumatano, 10 Juni

Upendo kalila daftari. Nimecheka tu.

Diski yangu kompyuta haiisomi. Fundi Eustace akauliza ilikaa wapi. Nikamwambia. Akasema sumaku ya spika imeifuta, dada, afadhali ungeikoroga kwenye chai.

Mbio kwa Stella. Yake nzima! Ila kaitia neno la siri, eti ukoo usichezewe na kila mpita njia. Na neno lenyewe kalisahau! Nikamkumbusha tulikubaliana nini. Akauliza, aliyempa mtoto daftari ale ndiye amfundishe yeye kutunza? Nimeondoka na kalamu yake.

Jumamosi, 13 Juni

Mkuyuni. Upendo mgongoni, kalamu ya Stella kwenye nywele. Nikaamkia, nikaulizia diski. Mama Mkubwa akanyoosha kidole juu ya meko. Inaning'inia katikati ya mahindi ya mbegu, imejikunja kama chapati! Akashangaa: si nilimwambia ni mbegu? Mbegu hukaa moshini.

Nikalia. Yeye akampakata Upendo, akaanza kumwimbia majina ya ukoo, moja baada ya jingine, huku akikohoa. Yote arobaini na moja. Kisha akaongeza matatu. Akasema mama yangu aliyaruka, alikuwa na haraka kama mimi.

Nikamsihi asijichoshe, atayarudia diski mpya zikija.

Jumapili, 14 Juni

Nimetafakari misa nzima. Kosa nimelijua: diski zilikuwa chache.

Barua kwa kaka Ignas, Dar. Atume: diski kumi, kopo la maziwa lenye mfuniko, la kuning'inizia diski Mkuyuni, fundi anayejua kufungua maneno ya siri, au hata anwani yake, na kalamu moja, maana Stella kaja kuchukua yake. Haijaandika hata jina moja.